"Ni maoni yangu" haikaushi mahindi

Kuna maneno matatu ambayo mfanyabiashara huyatoa mfukoni hoja inapomwishia: "Ni maoni yangu." Utayasikia Kaberebere, mji mdogo wa wilaya ya Isingiro kwenye barabara ya kutoka Mbarara kwenda Kikagati, ambako magunia ya wakulima wenyeji na yale yanayotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hukutana na wanunuzi. Mnunuzi anasema mahindi haya ni mabichi. Muuzaji anasema yamekauka. Sauti zinapanda, kisha mmoja anasema: basi, wewe una maoni yako nami nina yangu, tuheshimiane. Waliosimama pembeni wanaitikia kwa vichwa, kana kwamba ugomvi umekwisha kwa amani.

Haujaisha. Mahindi bado yako ndani ya gunia, na ndani yake mna maji ya kiasi fulani. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Ama umezidi, ama haujazidi. Mmoja wa wale wawili amesema kweli na mwingine amekosea, hata kama wote wawili ni watu wazima, wacha Mungu, na wamepeana mikono wakaachana kwa heshima.

Nasema hivi kwa sababu neno "maoni" limekuwa kama gunia lenyewe: kila kitu kinatiwa humo. Mtu akisema hapendi ugali wa muhogo, ni maoni. Akisema mizani ya duka la jirani inaiba, ni maoni. Akisema wakimbizi hawalipi madeni, ni maoni. Na kwa kuwa tumefundishwa kwamba kila mtu ana haki ya maoni yake, tunatoka hapo tukidhani kwamba maoni yote yana uzito mmoja na hakuna awezaye kuambiwa "umekosea." Lakini haki ya kusema ni jambo moja, na usahihi wa kilichosemwa ni jambo lingine. "Ni maoni yangu" inatuambia maneno ni ya nani. Haituambii kama ni ya kweli.

Tuanze na yale ambayo kweli hayana kosa. Uganda wanamwita mukene, Tanzania dagaa, Kenya omena: ni samaki yuleyule mdogo wa Ziwa Victoria. Mrundi au Mkongomani aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika atakwambia mukene ni mchungu, hafikii ndagala wa kwao. Hakuna mahakama ya kumhukumu. Ulimi ni wake, na akisema hapendi basi hapendi. Anayebishana naye anapoteza muda wa kuuza.

Ila angalia tofauti. Muuzaji akisema, "Wakongomani hawanunui mukene," hapo hazungumzii tena ulimi wake. Anazungumzia ndimi za watu wengine, maelfu, na jambo hilo linaweza kuhesabiwa: leta magunia mawili Nakivale, ona yanachukua siku ngapi. Na mnunuzi akisema, "Huyu mukene ana mchanga," hiyo nayo si ladha. Samaki aliyeanikwa chini kwenye mchanga huja na mchanga, aliyeanikwa juu ya vichanja huja bila. Mimina kwenye beseni la maji, koroga, tazama chini. Katika gunia moja la samaki mna maoni yasiyoweza kukosea na maoni yanayoweza kukosea kabisa, na mfanyabiashara asiyejua kuyatenganisha atauza kwa hasara au atauza kwa ugomvi.

Turudi kwenye mahindi, maana ndiko kwenye hatari. Wengi wetu hupima ukavu kwa meno. Unang'ata punje, ikilia "ka!" unasema imekauka. Meno ya mzoefu si ya kudharauliwa, lakini meno ya muuzaji na meno ya mnunuzi yana tabia ya kutoa majibu tofauti kwa punje zilizotoka gunia moja. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ndiyo maana kunatakiwa kitu cha tatu, kisicho na tumbo la kulisha.

Kipimo cha unyevu kipo, lakini si kila mtu anacho. Chupa na chumvi kila mtu anavyo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kama theluthi yake, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 hivi: mahindi hayo yarudi kwenye turubali. Isipoganda, yako chini ya hapo. Chupa haiwezi kukuhakikishia kile kiwango cha 13.5, hilo ni la kipimo chenyewe. Lakini inatosha kumaliza ule ubishi wa meno kwa meno.

Kwa nini niking'ang'anie hiki kiasi cha maji? Kwa sababu mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na aina fulani za kuvu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo wengine huijua kama aflatoksini. Huwezi kuitegemea harufu wala ladha kuigundua. Kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa ya nyumbani na ya madukani, yaliyokuwa yamehifadhiwa kabla hayajakauka vizuri. Nina hakika kabisa kwamba mahali fulani katika safari ya yale mahindi, mtu fulani aliyashika mkononi akasema, "Naona yako sawa." Alikuwa na haki ya kuona hivyo. Na hayakuwa sawa.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaikumbuka Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi yote ya Uganda na Tanzania yasiingie, ikisema vipimo vimeonyesha sumukuvu kupita kiasi salama. Malori yakasimama Busia na Malaba. Upande huu wa mpaka maoni yakawa moja: ni siasa. Upande wa pili nako yakawa moja: Waganda wanatuuzia sumu. Kila upande ukajifungia na maoni yake, na kila upande ukadai uheshimiwe.

Mimi naona pande zote mbili zilikosea, na nitatoa sababu, maana maoni bila sababu ni kelele. Aliyesema ni siasa tupu alikosea kwa kuwa sumukuvu katika nafaka za ukanda huu si hadithi, ikiwamo nafaka ya Kenya yenyewe, kama Makueni ilivyoonyesha. Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, Sudan Kusini nayo ilizuia malori ya nafaka kutoka Uganda kwa madai hayohayo. Na aliyesema mahindi ya Uganda ni sumu alikosea kwa kuwa kuvu halina uraia. Haliulizi gunia limetoka Isingiro au Kitale. Linauliza limekauka au halikukauka. Ukiwafungia wote, umemwadhibu aliyeanika vizuri pamoja na yule aliyemwaga mahindi mabichi ghalani, na umemfundisha yule wa kwanza kwamba jasho lake halina faida.

Siku chache baadaye Kenya ilibadilisha. Badala ya kufunga mpaka ikaweka masharti: mwagizaji asajiliwe, asili ya mahindi ijulikane, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, yaani mikrogramu 10 kwa kilo. Uamuzi wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Wapo watakaosema hayo nayo ni maoni yangu tu. Ni maoni, ndiyo, lakini yana miguu ya kusimamia: wa pili unapima shehena, wa kwanza ulipima bendera. Anayeona wa kwanza ulikuwa bora na alete miguu yake tuilinganishe. Maswali ya haki hayana mizani ya chuma kama unyevu, lakini hilo halimaanishi kwamba kila jibu ni sawa na jingine.

Hapa niongeze jambo ambalo wapenda vipimo hulisahau. Kipimo nacho hudanganywa. Mbarara ni mji wa maziwa, na wanaopeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia wanajua kwamba hayamwagwi tangini kabla ya kupimwa: laktomita kutazama uzito wake, spiriti kutazama kama yameanza kuharibika. Hakuna anayesimama pale akasema, "Heshimuni maoni yangu kwamba sikutia maji." Lakini wapo wajanja wanaotia maji, kisha wakatia sukari au unga ili laktomita isome vizuri. Hapo ndipo mpokeaji mzoefu, aliyenusa makopo kwa miaka, anaposema "haya siyapendi" na akaagiza yapimwe upya. Maoni ya mtu kama huyo hayana cheti, lakini yana thamani kuliko ya mpita njia. Vivyo hivyo dalali wa matoke. Isingiro tunauza mkungu kwa macho, na wapo madalali ambao jicho lao likisema "huu na ule ni sawa," mizani itakuja kukubaliana nalo. Jicho hilo halikupewa heshima kwa sababu ni lake. Liliipata kwa kupatikana sahihi mara nyingi mbele ya watu.

Sasa lile gumu zaidi, ambalo halimo katika gunia.

Kaberebere inakula kwa sababu ya Nakivale, na Nakivale inakula kwa sababu ya Kaberebere. Makazi yale yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Wengi wao ni raia wa nchi ambazo sasa ni wanachama wa Jumuiya yetu: Kongo iliingia mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Kiswahili kinachosikika kwenye mabanda ya soko ni cha Bukavu na cha Bujumbura, kikijibizana na Kinyankole. Na bado utamkuta mwenye duka la jumla anayemwambia mteja: "Mkimbizi sikopeshi, hawa hawalipi." Ukimuuliza, jibu ni lilelile la maneno matatu.

Huyu amesema jambo linaloweza kuhesabiwa, na daftari la kuhesabia liko chini ya meza yake. Alifungue. Wateja wangapi wa Nakivale walichukua mali kwa mkopo mwaka huu, wangapi wamelipa, wangapi wamechelewa? Kisha wenyeji wangapi? Akikuta kweli wa Nakivale wanachelewa zaidi, maoni yake yamepata mguu, na atajua pia ni wateja gani hasa na kwa mkopo wa kiasi gani. Akikuta sivyo, amekuwa akifukuza pesa zake mwenyewe mlangoni. Anayekataa kulifungua daftari ametuambia kitu kuhusu yeye, si kuhusu wakimbizi.

Wapo pia wanaosema mkimbizi haruhusiwi kufanya biashara nje ya makazi. Hili halihitaji hata daftari. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kilimo, ufundi na biashara, na uhuru wa kwenda atakako nchini kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Na wanaosema wanakula tu bila kuzalisha, wausome utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford ulioongozwa na Alexander Betts na kuchapishwa mwaka 2014, uliofanyika Nakivale, Kyangwali na Kampala. Kwa upande wa Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Ni takwimu za zamani kidogo na za jiji, hazimalizi habari ya Isingiro. Lakini anayetaka kuzipinga alete za kwake.

Nisiegemee upande mmoja. Kule makazini nako kuna maoni yanayotembea kwamba mizani yote ya wenyeji inaiba. "Yote" ni neno kubwa. Anayeshuku abebe pakiti ya sukari ya kilo moja iliyofungwa kiwandani, aiweke juu ya mizani kabla ya kununua, na asome mbele ya muuzaji. Mizani ikisoma kilo moja na ushee, amepata ushahidi wa kupeleka kwa kamati ya soko, na mizani hiyo ikaguliwe. Ikisoma kilo kamili, amwombe muuzaji radhi kimoyomoyo na anunue.

Kamati za soko, za Kaberebere na za Nakivale, zingeweza kuweka meza moja: mizani iliyokaguliwa, kipimo cha unyevu kilichonunuliwa kwa mchango wa wenye maduka, na chupa ya chumvi kwa siku ambayo betri imekwisha. Anayetaka gunia lake lipimwe analipa kidogo, wote wawili wanasoma, kisha wanaanza kupatana bei. Bei yenyewe wabishane watakavyo.