Kufundisha Kiingereza Japani: kontra njo inaamua maisha

Bandugu wa mugodi, mara hii tunaangalia wafanyakazi wa mbali: vijana wanaoenda Japani kufundisha Kiingereza.

Tangu 1987 serikali ya Japani iko na programu ya JET. Kijana anapewa kontra ya mwaka mmoja, anaweza kuirudilia mpaka miaka 5, halafu basi. Lakini waliopita pale wako na chama chao, JETAA. Mmoja anamuonyesha mwenzake kazi. Wengine wamekuwa watafsiri, wengine wanatumika serikalini kwao. Miaka ile haikupotea.

Wengine waliandikwa na makampuni. Mwaka 2007 Nova, sosiete kubwa kupita zote za masomo ya Kiingereza kule, ilianguka. Maelfu ya walimu wakabaki bila mshahara. Pesa ya nyumba ilikuwa inakatwa kwa mshahara, kumbe haikufika kwa wenye nyumba. Sendika njo iliwasimamia: walimu wakafundisha, wanafunzi wakalipa na chakula.

Kazi ileile, Kiingereza kilekile. Kilichotenganisha maisha yao ni kontra na umoja.

Tangu 2013 sheria ya Japani inasema: mwenye kontra za muda kwa patron mmoja, akipitisha miaka 5, anaweza kuomba kontra isiyo na mwisho. Lakini lazima aombe mwenyewe. Asiyejua, haombi.

Sisi tulio katika sous-traitance, maneno haya tunayajua. Kontra ikiletwa, tusisaini mbele ya kusoma. Mwenye kushindwa kusoma, akuje na karatasi kwa delege wake. Si haya.