Ligi yetu ya vimbweteni: asisti zifutwe!

Najua nimepotea hapa kijiweni, majaribio yalinibana mpaka basi. Leo nimerudi na hasira, na nusu ya hasira yenyewe najikasirikia mwenyewe. Mtaona huko mbele.

Mnajua tulianzisha fantasi yetu ya Ligi Kuu Bara. Washkaji kumi na mmoja, kila mtu elfu tano, jumla 55,000, mshindi anabeba zote. Ile ya Uingereza tunacheza wote, lakini tukasema jamani, kwa nini kila wikiendi tuumize vichwa na Arsenal wakati ligi yetu tunaijua mpaka majina ya utani? Tukanunua kaunta buku, mimi nikawa karani. Ngoma ikaja kwenye swali moja tu: tuhesabu nini?

Kambi ya kwanza inasema hesabu mabao tu, mengine mbwembwe. Hebu tuwapime. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki wa Yanga alifunga mabao 21, Feisal Salum wa Azam 19. Sawa, wapewe haki yao. Lakini msimu huohuo Ley Matampi, kipa wa Coastal Union ya Tanga, alimaliza na mechi nyingi bila kufungwa kuliko Diarra wa Yanga. Kwa hesabu ya mabao tu, Matampi ana sifuri. Sifuri! Sawa na mtu aliyekaa jukwaani anakula karanga. Na kama kipa na beki hawapati kitu, kuna haja gani ya kuumiza kichwa kuwachagua? Kila mtu atagombania mastraika watano walewale, na ligi imekufa hapo.

Kambi ya pili ni wale wa kunakili. Wanasema chukua sheria za Uingereza zote kama zilivyo: asisti pointi 3, bonasi kuanzia 1 mpaka 3, na hata ile waliyoileta msimu wa 2025/26, beki akifikisha matendo kumi ya kuzuia anapata pointi 2. Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini kule kuna kampuni ya Opta, ina watu kazi yao ni kurekodi kila mguso wa mpira. Sisi tuna nani? Tuna mimi, na tivii ya kantini iliyozungukwa na watu arobaini wanaopiga kelele. Nani atahesabu beki wa kulia kaondosha mipira mingapi? Na hata kwao asisti ina maana mbili: mchezaji akiangushwa ikawa penalti na mwenzake akafunga, fantasi inampa asisti, wakati takwimu za kawaida hazimpi. Kama wenye Opta wana maana mbili, sisi wa kantini tutakuwa na ngapi?

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Wiki tatu zilizopita mpira ulipigwa, ukamgusa mtu, ukamfikia mfungaji, bao. Je, ilikuwa pasi au mpira ulijigonga tu? Mimi niliona pasi. Nikaandika asisti, pointi 3. Mchezaji huyo alikuwa wa kwangu. Pointi hizo zikanivusha juu ya mshikaji ninayelala naye chumba kimoja. Akaniuliza kwa upole, "Uliiona vizuri?" Nikamjibu, "Mimi ndiye karani." Mpaka leo tunasalimiana kama watu waliokutana stendi.

Jibu lile halikunitoka kichwani, maana nililisikia zamani. Kwetu Mabira, enzi hizo nikiwa shule ya msingi, kabla Kyerwa haijatoka Karagwe mwaka 2012, alikuwa anakuja mnunuzi wa kahawa ya maganda na mzani wake mwenyewe. Anapima yeye, anasoma yeye, anaandika yeye. Mama akiuliza mbona gunia limepungua, jibu ni "mzani ndio umesema." Nilimchukia yule mtu kuliko nyoka. Na mimi hapa, mwaka wa pili wa ualimu, nimekuwa yeye! Kwa pointi 3!

Kwenye kozi ya upimaji tunafundishwa maswali mawili ya kuuliza kuhusu mtihani wowote. Kwanza, unapima kile unachodai kupima? Pili, akisahihisha mwingine atapata alama zilezile? Mabao tu yanafeli swali la kwanza, maana yanadai kupima mpira huku yanapima mastraika. Kunakili Uingereza kwa macho ya kantini kunafeli la pili.

Na wala si jambo geni. Wamarekani walioanzisha mchezo huu kwenye besiboli, mwandishi Daniel Okrent na wenzake mwaka 1980, walichagua takwimu nane: nne za wapigaji, nne za warushaji. Nusu kwa nusu, kila upande una heshima yake. Na walizitafuta kwenye magazeti wakahesabu kwa mkono. Yaani aliyeshindwa aliweza kununua gazeti lilelile na kumkagua mshindi. Huo ndio mzani wa kijiji, si mzani wa mnunuzi.

Kwa hiyo nashikilia hivi, na nitapeleka kikaoni Jumapili. Dakika 60 na zaidi, pointi 2. Chini ya hapo, 1. Bao la straika 4, kiungo 5, beki 6, kipa 10. Kipa na beki wasipofungwa, 4. Penalti iliyodakwa 5, kujifunga toa 2, kadi ya njano toa 1, nyekundu toa 3. Basi. Yote hayo utayapata kwenye taarifa ya mechi, hata kama hukuangalia. Asisti na bonasi zifutwe.

Najua mtasema, "Na Chama je? Watu wa pasi umewaua!" Kweli, nimewaumiza, na inaniuma maana nawapenda. Lakini bora ligi ikose kitu kizuri kuliko iwe na kitu ambacho anayeumizwa nacho hawezi kukihakiki. Siku tukipata rekodi ya asisti ambayo wote kumi na mmoja tunaikubali, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono zirudi.

Zile 3 zangu nimeshazifuta kwa kalamu nyekundu. Nimeshuka nafasi ya nne. Kaunta buku nimeliweka mezani kwa mshikaji wangu, ashike yeye ukarani. Hajasema kitu bado, ila jana usiku nilimwona analifunua.

Ubishi ruksa wadau. Alamsiki.