Doa Si Kasoro

Nasema bila kumung'unya maneno: fundi anayepaka mti mwingine rangi nyeusi ya viatu, kisha akauita mpingo, ni mwongo, na mnunuzi anayetaka weusi mtupu ndiye anayemfundisha uongo huo.

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikikereza bakuli, vinara na kete. Swali la wanunuzi ni lile lile: "Mzee, mbona hapa peupe?" Hawajui kwamba mpingo una moyo mweusi wenye kuelekea zambarau, na kwamba moyo huo umezungukwa na mti wa nje wenye rangi ya manjano hafifu. Pale rangi hizo mbili zinapokutana pana mstari ambao hakuna mchoraji anayeweza kuuiga. Huo ndio tunaoambiwa tuukate tuutupe!

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa. Shina lake aghalabu limepinda, lina mifereji, na mara nyingine moyo umeoza. Watengenezaji wa klarineti na obo wanahitaji vipande vilivyonyooka, visivyo na fundo wala ufa. Hatuwezi kuwalaumu, maana ala ina masharti yake. Lakini bakuli halipulizwi. Mkerezaji naye akidai usafi ule ule, mabaki yote yatakwenda wapi kama si kwenye tanuri la mkaa?

Fundi mwenye macho hutafuta panda, mahali tawi linapoachana na shina, kwa kuwa nyuzi hapo husukana kama ukili. Hulowesha kipande kwa maji ili nakshi ijitokeze, na hukigonga asikie kama kina ufa. Hupaka nta kwenye ncha zake, kwani ncha hukauka upesi kuliko ubavu na hapo ndipo mti hupasuka. Hukereza kwanza bakuli nene, akaliacha likauke miezi kadhaa, ndipo alimalize kwa patasi kali na mikato myembamba, maana fundo halipendi pupa.

Wapo watakaosema kwamba sehemu nyeupe hutobolewa na wadudu. Ni kweli, haina ugumu wa moyo. Basi iachwe kwenye ukingo tu, na itiwe dawa ya mbao. Wengine watasema mteja ndiye mfalme. Nawajibu kwamba mteja hufundishwa kama mwanafunzi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi ya viatu ndiyo hiyo inayojitembeza.

Jambo hili si la urembo peke yake. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo imo chini ya mkataba wa CITES. Huko Kilwa, mwaka 2009, misitu inayotunzwa na wanavijiji ilipata cheti cha FSC, kwa hiyo mti uliosimama ni mali ya kijiji kizima. Kila panda inayogeuzwa bakuli huongeza thamani ya mti ambao umekwisha kukatwa, bila kuugusa mwingine.

Kwa hiyo nashauri jambo moja: kila fundi aandike chini ya kazi yake jina la mti alioutumia. Mwenye kupaka rangi ataona haya kuandika.