Mtoto anayecheza hapotezi wakati



Hapa kwetu Kivu tunamkaripia upesi mtoto anayecheza: "Acha michezo, njoo ufanye kazi!" Katika maisha ya wahami maneno hayo yanazidi, kwani kuna maji ya kuchota, kuni za kutafuta na mdogo wa kubeba mgongoni. Ninawaelewa wazazi. Lakini mtoto ambaye vita vimemtoa nyumbani na shuleni, tukimnyima hata mchezo, atajifunzia wapi?

Tuwaangalie watoto wetu. Yule anayetengeneza gari la waya na makopo anapima, anakata, anahesabu magurudumu. Gurudumu lisipokuwa duara gari halitembei, naye anarudia mpaka litembee. Anayecheza bao, ambalo wengine wanaita kisoro, anajumlisha na kutoa bila chaki. Wanaosukumana juu ya chukudu ndogo wanajifunza uzito, mteremko na kupeana zamu.

Kuna mfano wa mbali ambao maseremala wetu watauelewa. Katika mji mdogo wa Billund, nchini Denmark, aliishi seremala Ole Kirk Christiansen. Uchumi ulipoanguka duniani, wateja walikosa pesa za kujengesha. Mwaka 1932 akaanza kutengeneza vitu vya watoto kuchezea, kwa mbao. Mwaka huo huo mke wake alifariki, akabaki na wana wanne. Mmoja wao, Godtfred, alimsaidia kazini tangu utotoni. Mwaka 1934 waliipa kazi yao jina la Lego, kutoka maneno ya kwao yenye maana ya "cheza vizuri". Mwaka 1942 moto uliteketeza karakana, nao wakaijenga tena. Matofali yao ya plastiki yanayoshikana, yanayojulikana leo dunia nzima, yaliandikishwa mwaka 1958. Mpaka sasa sehemu kubwa ya kampuni ni mali ya ukoo huo. Na mwaka 2018 mfuko wao ulitoa dola milioni 100 ili watoto wakimbizi wa Siria na wa Rohingya wajifunze kwa kucheza.

Sisemi tungoje matofali ya Denmark. Ninasema seremala yule alianza na alichokuwa nacho: mbao, mikono na watoto wake. Maseremala wa Goma wanatengeneza chukudu za kubeba magunia mpaka mji ukaijengea chukudu sanamu. Watashindwa kukata vipande vidogo vya kujengea, au gari dogo? Vipande vinavyobaki chini ya meza vinaishia jikoni, vinachomwa.

Wengine watasema mtoto mwenye njaa hachezi. Ni kweli, chakula, maji na usalama vinatangulia. Lakini kambi tulizodhani ni za wiki chache zinageuka kuwa za miaka, na akili ya mtoto haingojei vita viishe. Hata sheria inasema hivyo: kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataja haki ya kucheza, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1990.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne. Wazazi, mkigawa kazi za siku, mpeni mtoto saa yake ya kucheza, msichana sawa na mvulana, maana msichana ndiye anayesahauliwa. Kamati za kambi, acheni kiwanja kidogo mbali na barabara na vyoo. Mashirika, kabla ya kuagiza vitu vya watoto kutoka ng'ambo, nunueni kwa maseremala wa hapa, wakiwemo wahami wenyewe, ili pesa ibaki kwetu. Maseremala, pigeni msasa vizuri, msiache misumari, wala msimpe mtoto mchanga kipande anachoweza kumeza.

Na sote tuwaonye watoto kila siku: chuma usichokijua, shambani au kando ya njia, usikiguse, usikirushe, mwite mtu mzima. Mabomu yasiyolipuka yapo. Mtoto asiye na kitu cha kuchezea ataokota chochote atakachokiona.