Orodha ya Barakoa Iandikwe Kabla ya Mlipuko

Malori mengi yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Malaba hukata kaunti ya Nakuru kutoka mwisho hadi mwisho. Madereva hupumzika Maai Mahiu, Naivasha na Salgaa, na pembeni mwa malori hayo kuna watu wanaoishi kwa shilingi za wasafiri: mama wa chai na chapati, wenye vyumba vya kulala wageni, vijana wa kuosha magari, wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Ugonjwa unaosafiri kwa barabara Afrika Mashariki hupita hapa. Corona ilipita. Mpox nayo, baada ya kisa cha kwanza nchini kutangazwa tarehe 31 Julai 2024 huko Taveta kwa msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda, haikukawia kufika Nakuru.

Wanaowafikia watu hawa mapema, mara nyingi, si maafisa wa wizara. Ni mashirika ya hisani: kliniki za kando ya barabara, makao ya watoto, vikundi vya makanisa na misikiti vinavyogawa chakula, wahudumu wa tiba shufaa wanaokwenda nyumbani kwa mgonjwa wa saratani kumpa dawa ya maumivu. Hao ndio wanaomgusa mgonjwa, wanaomwogesha mtoto, wanaomshika mzee mkono. Na vipimo na vifaa vya kujikinga vinapoanza kugawanywa, hao ndio wanaokumbukwa mwisho, kama wanakumbukwa.

Hali ya 2020 haijasahaulika. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona tarehe 13 Machi. Kufikia Aprili, kutembea hadharani bila barakoa lilikuwa kosa la faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Sheria ilimbana kila mtu sawasawa, lakini barakoa zenyewe hazikugawanywa sawasawa. Mwenye makao ya watoto alizitafuta kwa pesa ya mfukoni katika maduka ya dawa, wakati ambapo bei zilikuwa zikipanda na michango ya wafadhili ikipungua.

Vipimo vilikuwa adimu zaidi. Eneo la kusini mwa Bonde la Ufa lilikuwa na bahati ya kuwa na maabara ya KEMRI na Walter Reed mjini Kericho, bila hivyo sampuli zingesubiri foleni ya Nairobi. Hata hivyo, mwanzoni kipimo kilitengewa aliyetoka safari ya nje au aliyekutana na mgonjwa aliyethibitishwa. Asiyeingia katika makundi hayo alielekezwa hospitali ya kibinafsi, ambako bei ilifika hata shilingi 10,000. Kwa mpishi wa makao ya watoto, huo ni mshahara wa mwezi mzima.

Hapo hapo, Machi hiyo, Baraza la Taifa la Huduma za Watoto liliagiza taasisi za hisani zinazolea watoto ziwarudishe kwa jamaa zao. Maelfu ya watoto kote nchini waliondoka ndani ya siku chache. Walipanda matatu na kwenda kukaa na nyanya, shangazi au mjomba, wengine katika chumba kimoja cha kupanga. Kusudi lilikuwa kupunguza msongamano, na hilo lina mantiki. Lakini agizo halikuja na kipimo kwa mtoto anayepelekwa kwa bibi wa miaka sabini, wala sabuni ya kubeba. Jukumu lilihamishwa, kinga ikabaki nyuma.

Mwaka huo huo maziwa yalifurika. Ziwa Naivasha liliingia mtaa wa Kihoto, Ziwa Baringo likameza nyumba na mashamba, na familia zikahamia kwa majirani au katika mahema. Waliotakiwa kuwapelekea unga na blanketi walikuwa wale wale: Msalaba Mwekundu, makanisa, vikundi vya wanawake. Nani aliyeweza kukaa umbali wa mita moja na nusu ndani ya hema?

Wengi hujibu kwamba vifaa havikuwepo. Kwa majuma ya kwanza jibu hilo ni la kweli, dunia nzima iling'ang'ania viwanda vya China. Kwa miezi iliyofuata si la kweli. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilishona barakoa, Kitui ikashona, na mjini Nakuru kwenyewe kiwanda cha nguo cha Bedi kiligeukia mavazi ya kujikinga. Nayo KEMSA, mamlaka ya taifa ya kununua dawa, ilifanya manunuzi ya shilingi bilioni 7.8. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu ya Septemba 2020 ilionyesha bei zilizopandishwa, zabuni zilizotolewa bila kufuata utaratibu, na bidhaa za thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 6 zilizokaa katika maghala bila mnunuzi. Kuna mashirika Nakuru yaliyowafundisha kina mama kushona barakoa za kitambaa kutoka mabaki ya kitenge, huku masanduku yakijaa vumbi Nairobi.

Hilo linauma, na linapaswa kuuma.

Chanzo kiko katika muundo. Tangu marekebisho ya sheria za afya ya 2019, vituo vya afya vya umma, vya taifa na vya kaunti, vinatakiwa kununua KEMSA. Hospitali za misheni zina mlango wao, MEDS, ghala lililoanzishwa mwaka 1986 na makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti. Milango hiyo miwili inawahudumia wenye leseni ya kutibu. Anayelea yatima Njoro, anayelisha watu wanaookota taka katika jaa la Gioto, au anayegawa kondomu na ushauri Salgaa hana mlango hata mmoja. Hata sheria ya VAT, inaposamehe kodi vifaa vya kujikinga, huanza kwa kuwataja wahudumu wa hospitali na kliniki zilizosajiliwa.

Kosa hili si la Kenya peke yake. Uingereza, nchi yenye huduma ya afya inayosifiwa, iliwarudisha wazee kutoka hospitalini hadi kwenye nyumba za kutunzia wazee bila kuwapima, na tarehe 27 Aprili 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria. Hospitali ililindwa, nyumba za wazee zikasahaulika. Bahati ya Waingereza ni kwamba walikuwa na mahakama iliyosema hivyo waziwazi.

Maafisa wana hofu yenye msingi: mashirika ya mfukoni ni mengi, na barakoa za msaada zinaweza kuishia sokoni. Lakini waliopora 2020 hawakuwa walezi wa watoto, walikuwa wenye kampuni na zabuni za serikali. Tena orodha ya mashirika ya kweli haihitaji kubuniwa. Idara ya Watoto inayajua makao ya watoto. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyokaa zaidi ya miaka kumi bila kutumika, ilianza kazi tarehe 14 Mei 2024 pamoja na mamlaka ya kuyasajili. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 wana mikoba na posho, wanajua kila mtaa wa Kaptembwo na Rhonda na nani anafanya nini huko.

Kinachokosekana ni uamuzi wa kaunti: mashirika hayo yaandikwe mapema katika mpango wa dharura, yapewe kiti katika kamati ya kukabiliana na milipuko, na sehemu ya akiba ya glavu, barakoa na vipimo itengwe kwa jina lao, pamoja na ruhusa ya kununua MEDS kwa bei ya jumla. Kigezo kiwe kazi: nani anamgusa nani kila siku.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Wasimamizi wa makao, kliniki na vikundi vya chakula wafike kwenye vikao vya Naivasha, Gilgil, Molo na Nakuru mjini wakiwa na hesabu mkononi: watoto wangapi, wafanyakazi wangapi, glavu ngapi kwa miezi mitatu. Kisha wamuulize afisa wa afya aliyeketi mbele, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao: fungu lao liko katika ukurasa upi?