Kivuli cha Wasafiri Si Choo Wala Si Jalala



Ndugu zetu katika imani, kila likizo ya shule inapokaribia, familia zetu nyingi hapa Kigali huanza kuchangishana nauli kwa ajili ya safari ya pwani ya Kenya. Ni jambo jema, kwani watoto huona bahari, huswali katika misikiti ya kale na kusikia Kiswahili cha wenyewe. Lakini kuna aibu moja ya safari hizi ambayo tumeinyamazia mno, na leo tunaisema waziwazi.

Wanaoijua barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi watakumbuka kwamba ukishavuka Kilifi na kukaribia Gede, upande wa kushoto unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Baada ya siku mbili za joto na vumbi, kivuli kile ni rehema. Basi linasimama ukingoni. Wanaume wanashuka na kujibanza nyuma ya mti wa kwanza, ambao kwa kweli haumfichi mtu. Akina mama na mabinti wanaambiwa wavumilie mpaka Malindi. Kisha vyakula vinafunguliwa, watu wanakula na kucheka, na basi likiondoka panabaki chupa, nepi za watoto, mabaki ya wali na haja za watu. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo linasimama basi jingine, nalo limebeba Waislamu wanaotafuta mahali pa kutandika mkeka wasali. Wasali wapi?

Hili si suala la ustaarabu tu. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alituonya tujiepushe na mambo mawili yanayomletea mtu laana, nayo ni kujisaidia katika njia ya watu au katika kivuli chao. Njia na kivuli! Sisi tunayakusanya yote mawili kwa mara moja, kisha tunapanda basi na kusoma dua ya safari.

Hapa kwetu Rwanda mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka na majembe na mafagio kwenye umuganda. Hakuna baba wa Nyamirambo atakayethubutu kumwaga taka mbele ya nyumba ya jirani yake mchana kweupe. Baba huyo huyo akivuka mipaka miwili anakuwa mtu mwingine. Basi usafi wetu wa nyumbani tulikuwa tunamwogopa nani, Allah (S.W.) au afisa wa mtaa? Wala tusidhani kwamba huko hakuna sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tangu Juni 2020 imekataza pia plastiki za kutumia mara moja katika misitu na hifadhi zake.

Wapo wanaotujibu kwamba lile ni pori tu, na wenyeji wenyewe wanatupa. Pori gani? Ule ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake yumo sange mwenye rangi ya dhahabu mgongoni karibu na mkia, mnyama mdogo aliye hatarini kutoweka. Tangu 1993 wanavijiji wanaouzunguka wamekuwa wakifuga vipepeo wa msitu huo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado kwenye vifukofuko, katika mradi uitwao Kipepeo. Kwa hiyo unachokiita pori ni karo ya mtoto wa mtu. Na hata kama mwenyeji ametupa chupa yake, tangu lini dhambi ya mwenyeji ikawa ruhusa kwa mgeni?

Jambo linalotuuma zaidi ni kwamba hatua chache kutoka barabara hiyo yapo magofu ya Gede, mji wa Waislamu wenzetu, ambao 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mji huo ulikwisha kuhamwa katika karne ya 17. Ukiingia utaona msikiti wa Ijumaa na kisima chake cha maji ya udhu, na katika nyumba utaona vyoo vilivyojengwa kwa mawe. Watu wale hawakuwa na umeme wala simu, lakini walijua kwamba mwanamke anahitaji sitara. Sisi tunapiga picha mbele ya kuta zao, na nusu saa kabla tulikuwa tumechuchumaa kando ya lami.

Tunakubali kwamba katika barabara ndefu vyoo vya umma ni vichache, na serikali zetu zote zinastahili kulaumiwa kwa hilo. Mgonjwa au mtoto akizidiwa, hiyo ni dharura na dini ni nyepesi. Lakini Kilifi kuna misikiti, vituo vya mafuta na migahawa. Kiongozi wa safari anapapita bila kusimama kwa sababu mgahawa utadai chochote na kivuli cha msitu ni cha bure. Huyo hajabana matumizi, amewahamishia gharama mabinti zetu na watakaokuja nyuma yake.

Kwa hiyo tunawaomba wanaoandaa safari ya likizo ijayo waingize katika mchango pesa ya kusimama Kilifi, watu wote wapate choo na maji, wanawake wakiwa wa kwanza. Kila basi libebe magunia mawili ya taka, na kabla ya kuondoka kivulini vijana wapite wakiokota, pamoja na taka walizozikuta. Anayeona mchango huo ni mkubwa aseme sasa, kabla hatujaanza kukusanya.

Wabillahi tawfiq.