Kitovu cha Nairobi Kirejeshewe Waendao kwa Miguu

Wahenga walinena kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kauli hii ingewafaa wapangaji wa jiji la Nairobi. Kwa miaka mingi ofisi zimekuwa zikikihama kitovu cha jiji na kuelekea Upper Hill na Westlands, na lawama hutupiwa uhaba wa maegesho. Je, ni gari liletalo riziki dukani? La hasha! Apitaye kwa gari hulipita duka. Aendaye kwa miguu ndiye husimama, akauliza bei, akanunua.

Serikali ya kaunti haikosi kulijua hilo. Sera yake ya mwaka wa 2015 ilikusudia kuwatengea waendao kwa miguu na wapanda baiskeli asilimia 20 ya fedha za uchukuzi. Mwaka wa 2019, barabara ya Luthuli ilifanywa ya mwelekeo mmoja, njia za miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa. Lakini barabara kuu ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hairuhusu miguu wala baiskeli.

Yaliyofanywa Luthuli yaenezwe katika barabara jirani. Njia za miguu zilindwe dhidi ya magari na bodaboda, nazo baiskeli zipewe njia na mahali salama pa kuegeshwa. Kutembea si aibu ya maskini. Ndiko kunakolipa jiji uhai.